Tumbo la Wifi Dobrila

Kwanza niseme kwamba wifi yangu Dobrila si mjinga. Nalisema mapema kwa sababu hapa kijijini kwetu, juu ya mji wa Kraljevo, wapo wanaosimulia habari zake huku wakitikisa vichwa, eti mwanamke mtu mzima kaenda kukatwa tumbo ili apate kiuno. Waongo wakubwa. Kiuno alikisahau tangu Tijana, binti yake wa pekee, alipokuwa anaota meno. Alichotaka Dobrila ni kwenda Linz, kule Austria, kumlea mjukuu. Hilo tu, na yote nitakayoyasema yalianzia hapo.

Dobrila ni mke wa mdogo wangu Radisav. Aliletwa kwetu akiwa msichana wa miaka ishirini, mnene wa kupendeza, mashavu mekundu. Mama yangu, Stamena, alimzunguka mara moja pale uani kama mtu anayenunua ndama, kisha akatoa hukumu: "Huyu atatufaa. Huyu anakula." Kwa mama hakuna sifa inayozidi hiyo. Mama anapenda watu kwa mwiko. Ukimwambia umeshiba, anakuuliza unaumwa wapi.

Basi Dobrila akala. Akapata kazi ya upishi katika shule ya msingi, na kwa miaka zaidi ya thelathini watoto wa vijiji vitatu walikula maharage yake na supu yake. Kukiwa na harusi anaitwa yeye, kukiwa na maziko anaitwa yeye. Alikuwa na mkono. Alikuwa na ulimi pia. Angeonja kijiko kimoja cha mchuzi akakuambia ni nini kimesahauliwa na nani kakisahau. Akirudi nyumbani amechoka, mama ameshampakulia sahani ya pili kabla hajavua koti. Na huyohuyo mama, akishamjaza, anaanza kumtania mbele za watu. "Mkwe, wewe kaa upande wa ukutani. Ukikaa huku mwisho, benchi litatupindua sote." Watu wanacheka, na Dobrila anacheka kuwashinda. Baadaye sana ndipo aliponiambia kwamba kila jioni ya namna hiyo alikuwa akienda kulala bila kumsemesha mume wake.

Miaka ikapita, uzito ukaongezeka, sukari ikaja, presha ikaifuata. Magoti yakaanza kulia. Ilifika mahali akitoka mlangoni kwenda bandani kwa kuku lazima apumzike njiani, anajidai kuangalia mawingu. Alikuwa amepita kilo mia na thelathini. Hakuna aliyemwambia neno la maana. Mama alimtania, Radisav alinyamaza, na majirani waliendelea kumwalika akawapikie.

Halafu Tijana akapata mimba. Alikuwa ameolewa na Nenad, dereva wa malori, wanaishi Linz, na mtoto walikuwa wamemsubiri muda mrefu mpaka sisi tukaacha kuuliza. Tijana anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu za asubuhi na za jioni, na Nenad yuko barabarani wiki nzima. Akampigia mama yake simu. "Mama, mimi likizo ikiisha ni lazima nirudi kazini. Njoo ukae nasi. Sitaki mtoto wangu alelewe na mtu asiyejua hata kumwimbia kwa lugha yetu."

Dobrila alilia kwa furaha, akafuta machozi, akaenda kwa daktari wa mjini kupima moyo. Daktari huyo hakupepesa maneno. Alimwambia, kwa mwili huu na sukari hii, mama, hutamkimbiza mtoto. Huenda mtoto ndiye atakayekukuta sakafuni. Dobrila alirudi nyumbani na maneno hayo kifuani. Tijana ndiye aliyetafuta hospitali ya binafsi huko Belgrade inayofanya upasuaji wa kupunguza tumbo, akapanga kila kitu kwa simu. Waliojua ni watatu: Dobrila, Tijana na Radisav. Mimi sikujua. Mama ndiye hasa aliyefichwa.

Yaliyosemwa kule Belgrade nimeyapata kwa Radisav. Amenisimulia mara nyingi mno, kila mara neno kwa neno, kama mtu anayebandua gamba la kidonda. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, nywele zimekatwa, hana mzaha.

"Tutaondoa sehemu kubwa ya tumbo," alisema, "tubakize kipande chembamba kama ndizi. Tutakifunga kwa pini. Kwa watu wengi kinapona vizuri. Kwa wachache zile pini huvuja, na likivuja tumbo, uchafu unaingia mwilini na mtu anaweza kufa. Damu inaweza kuganda miguuni ikapanda mapafuni, kwa hiyo utachomwa sindano na utatembea hata kama hutaki. Vitamini utameza maisha yako yote. Unavuta sigara?"

"Niliacha," alijibu Dobrila.

"Lini?"

"Ah, zamani."

Radisav akatazama dari. Sigara ya mwisho mkewe alikuwa ameizima kwa kiatu muda mfupi tu uliopita, pale penye magari.

"Mama," akasema daktari, "mimi si padri, huniungamii dhambi. Nauliza kwa sababu kidonda cha mvutaji hakiponi kama cha mwingine. Damu haifiki vizuri."

"Niliacha, daktari."

Basi. Akamweleza chakula. Kwanza maji na supu iliyochujwa, kisha vitu vilivyopondwa laini kama vya mtoto mchanga, na vitu vya kutafuna baadaye kabisa, kwa ruhusa yake. Hakuna nafaka, hakuna kokwa, hakuna pombe. Ukitapika sana, piga simu. Ukipata homa, moyo ukaenda mbio, au bega la kushoto likauma bila sababu, usipige simu, njoo. Kisha akawapa nafasi mbili: mwanzo wa Oktoba au baada ya mwaka mpya.

Hapa ndipo ninapoumia kila ninapokumbuka. Radisav, kwa mara moja maishani mwake, alisema jambo la akili. "Si bora baada ya mwaka mpya? Oktoba kuna slava."

Slava yetu ni ya Mtakatifu Luka, mwisho wa Oktoba. Ni siku ya ukoo mzima, walio hai na waliokufa, na nyumba yetu imeishika tangu hakuna anayekumbuka. Kwenye slava haalikwi mtu. Anayekujua anakuja, na wewe unafungua mlango. Nyumba isiyofungua mlango siku ya mtakatifu wake, watu huipita wakiivulia kofia kama kaburi. Kuahirisha hakuna. Kusema "mwaka huu tunaumwa" kunawezekana, lakini itabidi useme unaumwa nini.

Dobrila alikuwa ameshapiga hesabu. Mtoto anazaliwa Desemba; yeye alitaka akifika huko masika awe tayari ni mtu wa kupanda ngazi. "Slava nitapika, sitakula," alimwambia mumewe. "Tangu lini mwenye nyumba akaketi kula siku ya slava? Sisi tunasimama na kuhudumia. Hakuna atakayegundua." Na kweli, kwetu mwenye nyumba hakai mezani siku hiyo. Alisahau ngano ya wafu, ambayo wa nyumbani ndio wa kwanza kuionja. Au hakusahau, alidhani ataidanganya.

Wakaaga kwamba wanakwenda Vrnjci kwenye maji ya moto kutibu magoti. Mama akawafungia nyama ya kukaanga na mkate wa njiani.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nalisema wazi, kwa sababu kule wodini alikolazwa kulikuwa na mwoka mikate wa Niš aliyefanyiwa vivyo hivyo, na mwaka huu nasikia anapanda mlima kuchuma uyoga. Dobrila alirudi amepauka, anatembea polepole, lakini macho yanang'aa. Nilimkuta nyuma ya jiko la nje, ameegemea ukuta na sigara mkononi. Kwa kuwa sikujua lolote, nilimwomba kiberiti.

"Wifi, hayo maji ya Vrnjci yamekunyonya," nikamwambia.

"Yamenichemsha, wifi. Kidogo wanitie na karoti."

Tukacheka, tukavuta. Alikuwa anajichoma zile sindano tumboni akiwa chooni, mlango umefungwa, na mama huku nje anagonga anauliza kama ameanguka. Chakula alikikwepa kwa kusema meno yanamuuma. Mama akamletea rakija, ile pombe yetu kali ya matunda, asukutue. Akaimwaga kwenye ua la dirishani, na lile ua likafa.

Radisav alikuwa ameapishwa. "Ukimwambia mama," Dobrila alimwambia, "nafunga mzigo narudi kwetu. Atanitangaza kijiji kizima. Kila mwenye harusi atanikumbuka kwa tumbo, si kwa mkono wangu." Mdogo wangu anaogopa wanawake wawili duniani, na wote wawili wanaishi naye nyumba moja. Akawa kimya kama maji ya mtungi.

Siku za mwisho kabla ya slava Dobrila alipika kama kawaida yake: nguruwe wa kuchoma, samaki, majani ya kabichi chachu yaliyofungiwa nyama, keki za kila namna. Mimi nilikuwa nakatakata vitunguu. Mara akanisogezea mwiko. "Wifi, nionjee chumvi."

Nilimshangaa. Kumwomba mtu amwonjee chumvi, Dobrila? "Umepatwa na nini?"

"Pua imeziba, sisikii ladha."

Nikaonja, nikasema iko sawa, na kumbe haikuwa sawa. Kabichi mwaka ule ilikuwa chapwa na Persa alilisema. Persa ni mke wa Vitomir, baba wa ubatizo wa Tijana. Huyo mama akija kwako anajua umenunua nini dukani kabla hujafungua mfuko.

Asubuhi ya siku yenyewe nyumba ilijaa. Padri Tihomir akaja, akasoma sala, mshumaa ukawashwa, mkate ukazungushwa na kumwagiwa divai. Kisha ikaja ngano. Ngano ya slava mama hamwachii mtu. Anaichemsha mwenyewe, anaisaga na kokwa za jozi na sukari, anaifinyanga kama kilima na kuchora msalaba juu. Ile ni ya wafu wetu. Wanaoanza ni wa nyumbani, kisha wageni, kila mtu kijiko chake, kila mtu anataja roho za waliotangulia.

Zamu ya Dobrila ilipofika, alichukua punje chache ncha ya kijiko, akazigusisha midomo, akarudisha.

Mama alikuwa na miaka themanini na minne, lakini macho yake kwenye chakula ni ya kijana. "Nini hicho, mkwe? Umeonja au umeibusu?"

Watu wakacheka.

"Meno, mama."

"Meno gani? Ngano imesagwa mara mbili, hata kibogoyo anaimeza. Baba mkwe wako alikupenda kuliko alivyonipenda mimi niliyemzalia, leo unamnyima kijiko kimoja?"

"Simnyimi, mama. Nitakula baadaye."

"Baadaye! Wafu wasubiri mpaka meno yako yatulie?"

Persa akadakia, "Muache, bi Stamena, huenda yuko kwenye zile diyeti za kwenye televisheni." Wakacheka tena, zaidi. Mama akajaza kijiko, kijiko cha mchuzi, kikafurika. Radisav alikuwa amesimama kando ya mshumaa, uso mweupe kama kitambaa cha meza. Nilidhani ni uzito wa sala. Dobrila alimtazama. Sote tulimwona anamtazama. Mdogo wangu alifungua mdomo, akaufunga, akainama kuunyoosha mshumaa ambao haukuwa umepinda.

Dobrila akala kijiko kile.

"Haa, umeona?" mama akafurahi, na hapo hapo akajaza cha pili. "Na hiki cha mjukuu. Azaliwe salama."

Nani angekikataa? Alikula na hicho. Kisha divai, funda moja, kwa sababu kwetu ngano haimezwi kavu. Akatabasamu, akafunga vizuri kitambaa kichwani, akaenda kuleta supu.

Alitapika nyuma ya banda la kuku, mara nyingi, peke yake. Hilo alinieleza yeye mwenyewe. Kati ya kutapika na kutapika alirudi ndani na sinia. Alihudumia mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka, mkono mmoja umeshika mbavu.

Kesho yake alikuwa na homa. Bega la kushoto lilimuuma. Akasema ni kubeba masufuria. Mama, kwa mapenzi yake yote, akamvika soksi zilizolowekwa rakija na kumpaka mafuta ya nguruwe kifuani. Ninyi mnaosoma mtasema, basi si angesema sasa? Nami nasema hivyo kila siku. Radisav alimpigia magoti chumbani: "Twende, Dobrila. Alisema bega likiuma tusingoje." Naye akamjibu, "Acha kwanza wageni wa kesho wapite." Slava yetu ina siku ya pili, ya majirani. Wakaja, wakala mabaki, wakaondoka. Jioni ile hakuweza tena kusimama, na moyo wake ulikuwa unapiga mpaka shati linatikisika. Radisav ndipo alipopiga simu ya gari la wagonjwa.

Mimi nilipanda nalo. Pale hospitali ya mjini akatoka daktari kijana, akauliza, "Huyu alipasuliwa lini?"

"Hajapasuliwa," nikasema. "Ametoka kwenye maji ya moto."

"Mama, ana makovu mapya tumboni."

Radisav akasema tarehe. Kwa sauti ndogo sana, akitazama viatu. Akaeleza na lile la ngano. Nilimpiga na mkoba, pale pale, mbele ya wagonjwa. Mkoba ulikuwa na mtungi mdogo wa pilipili za kuchoma niliotaka kumpelekea mtu, ukavunjika, na yeye alisimama tu, pilipili zinamchuruzika kwenye koti, anasema, "Nipige, dada. Nipige tena." Nilipenda nimpige tena. Nilianza kulia badala yake.

Tumbo lilikuwa limevuja. Usiku uleule wakamkimbiza Belgrade, wakamfungua upya, wakamsafisha usaha, wakamtia mirija. Kwa muda mrefu alilishwa kwa bomba. Walimwekea kitu ndani cha kuziba tundu, kikateleza, wakakirudia. Majira ya baridi yote yalipita hivyo. Nevena, mjukuu, alizaliwa mwezi wa Desemba, na bibi yake alimwona kwenye kioo cha simu niliyomshikia, kwa sababu mikono yake ilikuwa imefungwa sindano pande zote. "Ana midomo yangu," alinong'ona. Kisha, "Nitachelewa kidogo tu, mwambieni."

Bomba lilipotolewa akaanza kula, na kila anachokula kinarudi. Alitapika wiki baada ya wiki. Alipepesuka kama mlevi, akaona watu wawili wawili, miguu ikawa inamwashawasha kisha ikawa haimsikii. Kumbe mwili ulikuwa umeishiwa na vitamini moja ya mishipa ya fahamu, ambayo kwa mtu anayetapika huisha upesi. Wakamtia kwa sindano. Macho yakarudi. Miguu ikarudi nusu.

Radisav alimwendea yule daktari mfupi kama mtu anayekwenda kujisalimisha polisi. "Ni ile ngano? Niambie ukweli. Ni mimi?"

"Huenda ni ngano," alisema. "Huenda ni kutapika kulikofuata. Huenda ni sigara ambazo mkeo hakuniambia. Uzito wake na sukari yake navyo vimo. Na nimewahi kuona mgonjwa aliyefuata kila neno langu, bado likavuja. Siwezi kukupa mtu mmoja wa kumlaumu." Akafunga faili. "Ninachojua ni hiki: angeletwa ile siku homa ilipoanza, ningekuwa na kazi rahisi, na yeye pia."

Radisav angependa zaidi kutukanwa.

Dobrila alirudi nyumbani karibu na Pasaka, kilo sabini, ngozi inaning'inia mikononi, anatembea na kile kigari cha wazee. Persa alikuwa wa kwanza kuja. "Jamani, Dobrila, umependeza! Msichana!" Nikamwambia Persa kwamba nayo midomo ingempendeza kama ingefungwa. Hajanisalimia mpaka leo, na sijapungukiwa na kitu.

Bado Dobrila hakukata tamaa, na hili ndilo linaloniuma kuliko mirija yote. Tijana alikuwa anamngoja. Likizo ilikuwa ukingoni. Siku moja niliingia jikoni nikamkuta ameacha kigari mlangoni, amekumbatia mfuko wa unga begani, mkono mmoja chini, mkono mmoja mgongoni, namna ya kubeba mtoto. Anavuka jikoni kutoka mezani kwenda dirishani. Hatua zake zilikuwa za mtu anayekanyaga pamba. Anauimbia ule mfuko kwa sauti ya chini. Nikasimama, sikutaka kumshtua. Alipofika karibu na jiko mguu ukakunjika tu, bila sababu. Alianguka na unga ukapasuka.

Nilimkimbilia. Hakuwa ameumia. Alikaa sakafuni, mweupe mpaka kwenye kope, akitazama mfuko.

"Umeona, wifi?" aliniambia. "Nimeuangusha kichwa chini."

Tulikaa pale chini wote wawili, tukalia. Kisha akaniambia nimletee simu. Akampigia Tijana, sauti imara kabisa, sauti ya jikoni shuleni. "Mwanangu, tafuta mtu. Mimi sitaweza." Tijana akasema atangoja, ataomba ruhusa, watafanya mpango. "Usingoje," akasema Dobrila. "Tafuta mtu mwema, tena asiwe mvutaji."

Wakampata mwanamke wa pale pale Linz, bibi mmoja mwenye subira. Sina neno baya juu yake.

Muda huo wote mama alikuwa ameambiwa ni kidonda cha tumbo kilichopasuka chenyewe. Tulikubaliana, maana mtu wa umri ule unamwambiaje? Lakini Persa naye ana umri wa kusema. Sijui alimwambia ukweli lini, kanisani au makaburini. Najua tu kwamba kuna wiki mama aliacha kupika. Alikaa karibu na jiko, mwiko mapajani, hamwulizi mtu kama ameshiba. Nilimpeleka kwa daktari nikidhani ni kiharusi.

Jioni moja ya mwezi wa Juni nilikuwa kwao. Tijana akapiga simu, Dobrila akaiegemeza kwenye chupa ya siki mezani. Nevena alikuwa mapajani kwa yule bibi wa Linz, ananyonya kidole. Dobrila akaanza kumwimbia. Mtoto alitazama kioo kidogo, kisha akageuka, akamshika yule bibi shavuni. Bibi naye, kwa adabu, akajaribu kumgeuza kichwa. "Mwache, mwache," Dobrila akasema kwa lugha ambayo yule bibi haielewi, "hapo alipo ni pazuri." Tijana akasema wamekubaliana naye aendelee mpaka mtoto aanze shule. Dobrila akasema vizuri, mwanangu, vizuri sana. Wakaagana.

Simu ikazima. Radisav akatoka nje kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote. Mimi nikaanza kukusanya vikombe. Mama alikuwa kwenye kona yake, akasema bila kuinua macho:

"Dobrila. Kwa nini hukuniambia?"

Dobrila hakujifanya kutoelewa. Alilaza mikono yake miembamba mezani. "Niliona haya, mama. Ungenicheka."

Nilitegemea mama akane, aape kwa mshumaa na kwa marehemu baba. Hakukana.

"Ningekucheka," alisema. "Siku moja. Kesho yake ningekuchujia supu."

Dobrila aliiondoa simu kwenye chupa ya siki.

"Siku moja ningeivumilia, mama," akasema.